Taa Mnayoilipia Kila Usiku

Wanangu mnaoanza kujitegemea, nyie mliopanga chumba na sebule kwa mara ya kwanza, mliooa juzi, mliorithi nyumba ya marehemu baba pamoja na waya zake chakavu: nisikilizeni kidogo juu ya balbu. Kuhusu ndoa, ulevi na marafiki wabaya wapo wengi wa kuwaambia. Kuhusu balbu mnaachwa peke yenu mbele ya kaunta ya duka. Mimi nimefunga umeme kwenye majumba ya watu hapa Tanga tangu ujana hadi macho yaliponigomea, na nimeona hela nyingi za vijana zikiishia kwenye holda bila wenyewe kujua.

Balbu inalipiwa mara mbili: dukani mara moja, kisha kwenye mita ya Luku kila usiku. Bei ya dukani ndiyo ndogo, na ndiyo hiyo tu mnayoibishania.

Chukueni balbu ya zamani, ile ya kioo yenye uzi ndani, ya wati 60. Iwake kuanzia magharibi hadi mnapolala, tuseme muda wa saa tano. Kwa siku 30 imekula yuniti 9. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, yuniti moja pamoja na kodi na tozo zake ni kama shilingi 356, kwa hiyo balbu hiyo moja imewalia zaidi ya shilingi 3,200 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga uleule kama ni ya kweli, kwa muda uleule inakula yuniti moja na theluthi hivi, chini ya shilingi 500. Ukiinunua kwa elfu tano, miezi miwili imerudisha hela yake, na inayobaki ni akiba yako.

Kwa mwenye kipato kidogo jambo hili ni zito zaidi. Mteja aliye kwenye daraja la matumizi madogo analipa kama shilingi 122 kwa yuniti, mradi asivuke yuniti 75 kwa mwezi. Sasa fanyeni hesabu ya nyumba yenye balbu nne za uzi za wati 60: zinakula yuniti 36. Karibu nusu ya haki yake ya mwezi imekwisha kabla hajachomeka pasi, redio wala friji. Akivuka 75, yuniti za juu yake anauziwa kwa bei inayozidi mara tatu ya ile ya kwanza. Nyumba ileile ikiweka LED nne za wati 9 inatumia yuniti 5 na nusu hivi kwa taa zote. Nimekuta familia zinazolalamika kwamba mita yao ni mbovu, na mita haina kosa lolote. Inapima joto linalopotelea darini.

Maana balbu ya uzi kazi yake kubwa ni kutoa joto. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoukula haugeuki kuwa mwanga. Anayebisha aishike ikiwa imewaka. Hata wavuvi wengi wa dagaa wa Ziwa Victoria, watu ambao riziki yao yote ya usiku inategemea taa, wameziacha karabai za mafuta na kushika taa za LED zinazotumia betri na sola. Mvuvi hesabu zake ziko wazi kila asubuhi: mafuta yaliyoungua na dagaa waliopatikana. Mtu wa nyumbani hesabu zake zimefichwa ndani ya mita, na hapo ndipo anapoibiwa.

Hayo ya kwamba LED inaokoa umeme mmekwisha kuyasikia. Hofu yangu kwenu inaanza pale mnaposhawishika, mnapoingia dukani na kusema tu, "Naomba LED."

Jina hilo halitoshi, wanangu. Someni boksi. Na kwenye boksi msianze na wati, kwa sababu wati inaeleza balbu inakula kiasi gani, haielezi inatoa nini. Mwanga unapimwa kwa lumeni. Balbu ya uzi ya wati 40 ilikuwa inatoa lumeni 450 hivi, na ya wati 60 inatoa kama 800. Mkizoea namba hizo mbili hamtadanganywa kirahisi. Chumba cha kulala cha kawaida kinatosheka na lumeni kati ya 450 na 800, kwa choo na korido zinatosha hata chini ya hapo, sebule na jiko vinahitaji zaidi. LED nzuri inatoa lumeni 80 hadi 120 kwa kila wati moja. Kwa hiyo mkiona balbu ya wati 5 inayojisifu kwamba ni sawa na wati 100 za zamani, hesabu yenyewe inaikataa. Na mkiona boksi lenye maandishi makubwa ya kujisifu lakini halina namba ya lumeni popote, rudisheni kaunta. Aliyetengeneza balbu na akaipima hana sababu ya kuificha namba hiyo.

Wiki chache zilizopita binti wa jirani yangu, anayehamia kwake baada ya harusi, aliniomba nimsindikize dukani. Muuzaji akaweka mbele yetu balbu mbili. Ya kwanza elfu mbili, ya pili elfu nne na mia tano. Akazichomeka zote kwenye holda za kujaribishia. Ile ya elfu mbili ikang'aa nyeupe, karibu na ubluu, na binti akaniangalia.

"Babu, hii ndiyo kali. Kwa nini nilipe zaidi ya mara mbili?"

"Toa simu yako, mwanangu. Fungua kamera, isogeze karibu na taa, usipige picha, angalia tu."

Akaisogeza kwenye ile nyeupe. Kwenye kioo cha simu ikatokea mistari myeusi, inapanda na kupita, inapanda na kupita. Akaisogeza kwenye ya pili: mwanga umetulia, hakuna kinachotembea. Muuzaji mwenyewe akainama kuangalia. Nikamweleza binti kwamba umeme wetu wa gridi unabadilika mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu yenye saketi duni inafifia na kuwaka mara 100 katika kila sekunde hiyo. Jicho halioni, lakini kichwa kinaona. Mkimkuta mtoto anasoma jioni huku akisugua paji la uso, kabla ya kumtafutia miwani angalieni kwanza taa iliyo juu yake. Na kwa fundi seremala au wa kuchomelea, taa ya namna hiyo ni ya hatari kabisa, maana msumeno unaozunguka kwa kasi fulani chini yake unaweza kuonekana kama umesimama. Mtu anapeleka mkono.

Kisha tukasoma maboksi. La elfu mbili lilikuwa na neno LED, wati 15 na picha ya jua. La pili lilikuwa na lumeni 806, wati 9, volti 220 hadi 240, muda wa saa 15,000, rangi ya mwanga, na alama ya ubora ya TBS. Ile ya wati 15 ilikuwa nyepesi mkononi, plastiki tupu. Sikuwa na kipimo mfukoni, lakini kwa macho yangu haikuwa na hata nusu ya wati ilizoandikiwa. Binti alichukua sita za elfu nne na mia tano, baada ya kupunguziwa kidogo. Wahenga walikwisha kusema kwamba rahisi huvunja upishi, na kwenye vifaa vya umeme huvunja hata zaidi ya upishi.

Msidhani kumdanganya mnunuzi wa balbu ni ufundi mpya ulioanzia kwenye maduka yetu. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu duniani, Osram na Philips yakiwemo, yalikutana mjini Geneva, yakaunda umoja ulioitwa Phoebus, yakakubaliana balbu isidumu zaidi ya saa 1,000. Zilikuwapo balbu zilizodumu kuliko hizo. Kiwanda ambacho balbu zake zilipimwa zikaonekana zinaishi mno kilitozwa faini. Umoja huo ulisambaratika wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini mimi nimewatajia ili mjue kitu kimoja: faida ya muuzaji na faida yenu hazikai upande mmoja wa kaunta, hata muuzaji akiwa mtu mwema. Kujua ni kazi yenu.

Mkitaka kuelewa kwa nini balbu moja inaishi miaka na nyingine inakufa kabla ya Ramadhani ijayo, ifungueni iliyokufa. Hakikisheni imetolewa kwenye holda, kisha bandueni lile kofia jeupe la plastiki. Ndani mtakuta kibati cha alumini kimepangwa vidoa vya njano, kumi, kumi na viwili, inategemea. Hivyo vidoa ndivyo LED zenyewe. Njano mnayoiona ni unga uliopakwa juu, chini yake kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa bluu. Bluu ikipita kwenye unga huo ndipo tunapata mwanga mweupe. Taa nyekundu za namna hii zilikuwapo tangu 1962, lakini ile ya bluu iliwasumbua wataalamu kwa miongo mitatu, na Wajapani waliofanikiwa kuitengeneza, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kitu cha heshima hiyo kimelala juu ya dari zenu.

Sasa angalieni vizuri vile vidoa. Mara nyingi mtaona kimoja kina nukta nyeusi katikati, kama kimechomwa na sindano ya moto. Hicho ndicho kilichokufa. Vimeunganishwa kwa mfuatano, kama watu walioshikana mikono kuvuka mto, mmoja akiachia wote wamekwenda. Vilivyobaki ni vizima kabisa, lakini taa haiwaki. Kilichokiua ni joto. Ni kweli LED haichomi kama balbu ya uzi, lakini ina joto lake, na joto hilo linakaa shingoni, kwenye kibati na kwenye saketi ndogo iliyo chini yake. Balbu nzuri ina alumini ya kutosha ya kulibeba joto hilo hadi nje. Balbu duni ina kibati chembamba ndani ya plastiki, na juu ya hapo mtengenezaji amevilazimisha vile vidoa kubeba umeme kuliko uwezo wao ili ving'ae zaidi dukani. Vinang'aa kweli, vinajiunguza.

Na nyie wenyewe mnaiua balbu nzuri kwa kuifungia. Nimeona LED zimewekwa ndani ya mabakuli ya kioo yaliyobana hadi hewa haipiti, au zimeshindiliwa kwenye tundu la jipsamu na juu yake kumejaa vumbi na magunia. Kwenye joto letu la pwani, darini chini ya bati mchana, balbu hiyo inapikwa kabla hata haijawashwa. Zile saa 15,000 za kwenye boksi, ambazo kwa saa tano kila jioni ni zaidi ya miaka minane, zimehesabiwa kwa balbu inayopumua. Zaidi ya hayo, mara nyingi muda huo ni wa kufika pale mwanga wake umepungua hadi asilimia 70, haina maana itakuwa inang'aa kama siku ya kwanza. Ikiwa lazima uweke kwenye bakuli lililofungwa, chagua yenye wati ndogo, au tafuta iliyoandikwa kwamba inafaa mahali pa kufungwa.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao ni adui. Mnaposikia umeme umekatika, zimeni swichi za taa pamoja na vifaa vingine, muache moja tu ya kuwapa habari umeme ukirudi.

Tuje kwenye rangi, maana hapa vijana wengi mmepotea, na si kwa umaskini. Mmekubali kwamba nyeupe ndiyo ya kisasa. Nyumba nzima nyeupe ya namba 6500, kuanzia varanda hadi kitandani. Namba hiyo ni kipimo cha rangi ya mwanga, kinaitwa kelvini, na boksi zuri linaiandika na herufi K. Inavyozidi kupanda mwanga unakuwa na ubluu, inavyoshuka unakuwa na unjano wa jioni. Namba 2700 ni ile rangi ya balbu za uzi tulizokulia nazo. Kati ya hizo mbili, 4000, ni nyeupe isiyochoma macho, na ndiyo ninayoipendekeza jikoni na kwenye meza ya mwanafunzi. Chumbani wekeni 2700 au 3000. Mwanga wenye ubluu mwingi usiku unauchelewesha mwili kujiandaa kulala, na watoto wanaosumbua saa nne za usiku huku juu yao kuna taa ya rangi ya mchana mnawaonea bure. Nje pia, mwanga wa njano unavuta wadudu wachache. Mvua za masika zikianza na kumbikumbi wakatoka, jirani mwenye taa nyeupe varandani ndiye atakayewakaribisha wote.

Kuna namba nyingine watu hawaitazami kabisa, inaandikwa CRI au Ra. Hiyo inapima mwanga unavyozionyesha rangi za vitu kwa uaminifu. Jua ni 100. Msinunue chini ya 80. Mama anayechambua samaki chini ya taa yenye namba ya chini hawezi kujua shavu la samaki lingali jekundu au limeanza kufifia, na anayeshona nguo usiku atakuja kuona asubuhi kwamba nyuzi alizodhani zimeoana na kitambaa hazikuoana.

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko yote, na mniwie radhi nikisema kwa ukali. Mnaokoa umeme kwa mkono mmoja na kuumwaga kwa mwingine. Fundi wa jipsamu anakuja na picha kwenye simu, dari la sebule lenye ngazi tatu, kila ngazi ina utepe wa taa za rangi, na katikati taa za kutoboa ishirini na kitu. "Usijali mzee, zote ni LED, hazili umeme." Zinakula. Kila moja ina wati zake, na utepe unaozunguka sebule nzima unaweza kufikisha wati nyingi kuliko balbu zote za nyumba ya kawaida. Nimeingia kwenye sebule za vijana wenye mshahara wa kawaida ambako kuna mwanga wa kutosha ukumbi wa harusi, na watu wawili wamekaa wanatazama televisheni. Kisha kila taa ya kutoboa ina kisaketi chake kimefichwa juu ya jipsamu, kwenye joto, mahali ambapo hamwezi kukiona kikianza kuungua. Vikianza kufa kimoja kimoja, dari linabaki na mapengo na rangi za kubahatisha, kwa sababu zile mlizonunua mwanzo hazipo tena sokoni.

Taa za ulinzi ni hadithi hiyohiyo. Taa ya LED ya wati 50 ikiwashwa jioni na kuzimwa asubuhi, saa 12 kila siku, inakula yuniti 18 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi 6,400 kwa bei ya kawaida, kwa taa moja inayomulika ukuta wa jirani. Balbu ya wati 9 mlangoni kwa muda huohuo haifiki yuniti 4. Mkitaka mwanga mkali nje, wekeni yenye kihisi cha mwendo, iwake mtu anapopita na izime baadaye. Mwizi anaogopa taa inayowaka ghafla kuliko ile aliyoizoea.

Na nyie mnaoishi nyumba za kupanga zenye Luku moja, najua ugomvi wenu. Kila chumba kinachanga elfu tano, halafu mmoja ana friji, mwingine ana balbu ya uzi ya wati 100 kwa sababu alipewa bure, na yuniti zikiisha usiku wa Jumamosi kila mtu anamshuku mwenzake. Kabla ya kugombana, kaeni pamoja mkakubaliane juu ya taa za pamoja: korido, uani, chooni, bafuni. Hizo ndizo zinazowaka bila mwenyewe. Changeni mnunue LED nzuri mara moja. Kisha kila chumba kiondoe balbu ya uzi. Hata mwenye friji atakuwa na nafasi ya kuongea kwa heshima, maana mtakuwa mmebakiza kitu kimoja cha kujadili badala ya kumi.

Zile taa za mirija iliyojikunja, mlizokuta kwa wazazi wenu zikiitwa enajisava, zilifanya kazi nzuri wakati wake. Lakini ndani yake kuna zebaki, kidogo tu, na zebaki ni sumu ya ubongo. Nchi zilizosaini Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kuziondoa zile za kawaida za nyumbani hadi kufikia mwisho wa 2025. Kwa hiyo mkiziona zinauzwa kwa bei ya kutupa, jueni kwa nini. Ikivunjika ndani, toeni watoto, fungueni madirisha, subirini hewa ipite. Msifagie kwa fagio, kwa sababu fagio linaisambaza. Okoteni vipande kwa karatasi ngumu, mfute kwa kitambaa kibichi, mfunge vyote kwenye mfuko au kopo lenye kifuniko. Msiitupe kwenye moto wa takataka.

La mwisho zito linahusu taa inayokataa kuzima. Mtu ananiambia, "Mzee, hizi LED zina mashetani. Nimezima swichi, taa inabaki na mwanga hafifu usiku kucha." Wengine wanacheka, wanaiona taa ya bure ya kulalia. Msicheke. Balbu ya uzi ilikuwa haionyeshi kasoro hiyo kwa sababu ilihitaji umeme mwingi ndipo iwake. LED inaamshwa na umeme mdogo sana, kwa hiyo inafichua mambo yaliyofichika ndani ya ukuta. Pengine sababu ni ndogo: swichi yenye kitaa chake ndani, au waya ndefu zilizolala pamoja. Lakini mara nyingi kwenye nyumba zetu sababu ni kwamba aliyefunga waya ameupitisha waya wa nyutro kwenye swichi, na ule wa laivu, wenye umeme, ameupeleka moja kwa moja kwenye holda. Taa inawaka na kuzima kama kawaida, ila mkiizima, holda bado ina umeme kamili wa volti 230. Siku mtu anapanda kwenye kiti kubadilisha balbu, amezima swichi, ana amani moyoni, kidole kinagusa ndani ya holda.

Ukiona mwanga huo hafifu, zima meinswichi kabla ya kugusa balbu, na uite fundi mwenye leseni ya EWURA aje na testa. Testa ikiwaka kwenye holda huku swichi imezimwa, abadilishe waya siku hiyohiyo. Ni kazi ya muda mfupi. Usimruhusu akuambie haina madhara.

Wenye sola vijijini nao wana tahadhari yao. Kuna balbu za volti 12 zenye kitako kilekile cha pini au cha skruu kama za gridi, na kwenye boksi la vifaa vilivyochanganyika huwezi kuzitofautisha kwa umbo. Ya volti 12 ikiingizwa kwenye umeme wa gridi inapasuka, pengine usoni kwa aliyeiweka. Mkihama kutoka nyumba ya sola kwenda ya umeme, zitengeni kabla ya safari, na msome volti kwenye shingo ya kila balbu.

Ukishanunua, dai risiti ya EFD hata kama muuzaji ananung'unika, na boksi lihifadhiwe. Balbu nyingi nzuri zina dhamana ya mwaka mmoja au miwili, imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo. Kabla ya kuipachika, chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe kwenye shingo ya balbu, pale kwenye plastiki nyeupe karibu na kitako. Ikifa kabla ya muda wake, ishushe, irudishe dukani ikiwa na tarehe yake, boksi lake na risiti yake, umwekee muuzaji kwenye kaunta na usubiri akupe nyingine.